Gari la Sentimita Tisa na Nusu

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo wasomi huzipuuza ni ile ya kuunda vigari na askari wadogo wa plastiki, kisha kuwapanga juu ya ubao uliotiwa mchanga na mawe hadi wakawa mandhari kamili ya tukio la kihistoria. Wenyewe huiita diorama. Mpita njia huuona mchezo wa watoto. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kumchungulia fundi wa kazi hii akiwa mezani pake atakiri kwamba muda wake mwingi hautumiki katika kubandika bali katika kusoma. Gundi hukauka kwa dakika chache, ilhali swali la debe lipi lilifungwa upande upi wa gari huweza kumaliza miezi.

Fundi anayezungumziwa hapa alijichagulia usiku mmoja tu: ule wa kuamkia tarehe 27 Julai 1942. Usiku huo magari 18 aina ya Jeep ya SAS, kikosi maalum cha Waingereza kilichoundwa na David Stirling mwaka mmoja kabla, yaliingia katika kiwanja cha ndege cha Wajerumani huko Sidi Haneish, Misri. Yalikwenda kwa safu, chini ya mwezi uliokaribia kutimia, huku yakizimiminia risasi ndege zilizoegeshwa pande zote mbili. Makumi ya ndege yaliteketea au kuharibika.

Kasha la plastiki lilitoka Japani. Kampuni ya Tamiya ilianza kuiuza Jeep ya SAS katika miaka ya 1970, kwa kipimo cha 1/35. Kipimo chenyewe kina kichekesho chake, kwani hakikutokana na jeshi lolote bali na ukubwa wa betri zilizotakiwa kutosha ndani ya kifaru cha kuchezea cha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hesabu hiyo, Jeep yenye urefu wa mita 3.3 hubaki sentimita tisa na nusu, askari wa kimo cha wastani hubaki sentimita tano, na tundu la mtutu wa bunduki, lililokuwa milimita 7.7, hupungua hata robo ya milimita. Sindano yenyewe ni nene mno kulitoboa.

Bunduki hizo ndizo zilizomfundisha fundi kwamba kifaa hakieleweki mpaka asili yake ijulikane. Vickers K ilikuwa bunduki ya rashasha ya ndege, ya kutumiwa na mtazamaji aliyeketi nyuma ya rubani. Jeshi la anga lilipohamia silaha nyingine, zikabaki ghalani, na makomando wakazichukua na kuzifunga mbilimbili juu ya magari. Zilitema takriban risasi 1,000 kwa dakika, kutoka katika sahani ya duara yenye risasi zisizozidi 100. Maana yake ni kwamba sahani moja iliisha kwa muda wa pumzi chache. Ajuaye hili hataiacha sakafu ya gari lake tupu. Ataijaza sahani za akiba.

Shahidi mkuu katika utafiti kama huu ni picha, na hapo ndipo penye mtego. Picha mashuhuri za Jeep za SAS, zile za wanaume wenye ndevu na vilemba, madebe yamerundikwa hadi kwenye boneti, zilipigwa na mpiga picha wa jeshi mnamo Januari 1943. Takriban vigari vyote vya aina hii duniani vimeigwa kutokana nazo. Lakini ni miezi sita baada ya Sidi Haneish, na wanaume wale walisimamishwa mbele ya kamera mchana. Fundi akizinakili neno kwa neno na kuandika chini yake "Julai 1942", atakuwa amesema uongo kwa kutumia vitu vya kweli tupu.

Chukua mfano wa vyombo vya petroli. Waingereza walianza vita jangwani wakitumia bati jepesi la galoni nne, lile lile lijulikanalo kote Afrika Mashariki kwa jina la debe. Lilivuja vibaya mno. Wajerumani walikuwa na kopo imara la lita 20, na Waingereza wakawa wanayateka makopo hayo kwa furaha isiyo kifani, kisha wakaamua kuyaiga. Kwa hiyo uwiano wa madebe na makopo juu ya kigari ni tarehe iliyoandikwa kwa bati.

Vivyo hivyo kile kitungi kilichofungwa mbele ya rejeta ili kunasa mvuke usipotee, na dira ya jua. Mbinu hizi zilitoka kwa Ralph Bagnold, aliyevinjari jangwa la Libya kabla ya vita na kuanzisha kikosi cha LRDG mwaka 1940. Bagnold hakutumwa Misri. Mwaka 1939 alikuwa safarini kuja Kenya. Meli yake ikagongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, ikabidi itengenezwe, naye akapanda treni kwenda Cairo kusalimia marafiki. Jenerali Wavell akapata habari zake. Mtu hujiuliza angefanya nini Nairobi na dira yake.

Kuhusu rangi, picha nyeusi na nyeupe hazisemi kitu. Wapo wanaozipaka Jeep za 1942 waridi, wakizichanganya na Land Rover za SAS za mwaka 1968. Lori moja la LRDG lilipatikana katika jangwa la Libya mwaka 1980, likapelekwa katika jumba la makumbusho ya vita jijini London likiwa na kutu yake. Chuma kama hicho kinaaminika kuliko maelezo ya kasha. Hata hivyo ilimpasa fundi akumbuke kuwa usiku ule, chini ya mbalamwezi, hapakuwa na rangi.

Miezi yote hiyo alikuwa akitafuta vitu. Watu walimjia baadaye, katika kurasa alizozifungua kutafuta idadi ya magurudumu ya akiba. Mpiga bunduki mmoja, kijana wa miaka 21, alipigwa risasi ya kichwa kiwanjani. Asubuhi yake, ndege za Stuka ziliwakuta Wafaransa waliokuwa wakirudi nyuma, zikamjeruhi André Zirnheld, mwalimu wa falsafa, akafa siku hiyo hiyo. Katika karatasi zake ilipatikana sala aliyoitunga mwaka 1938, ambayo askari wa miavuli wa Ufaransa wangali wakiisoma.

Fundi aliviondoa vigari vya usiku. Akabakiza Jeep moja kando ya kichaka, kwenye mwanga wa asubuhi, bunduki zikitazama angani. Hakuna picha ya asubuhi ile, kwa hiyo hakuweka mtu yeyote. Aliweka turubai lililotandazwa kivulini, kopo la maji lililofunguliwa, na nyayo, ambazo kwa kipimo cha 1/35 ni vishimo vya milimita nane hivi.