Treni Zilizoiruka Amiens

Mbele ya Gare du Nord, stesheni kubwa ya Paris, ukiinua macho utaona sanamu za mawe zimepangwa ukutani. Kila moja ni mji. Juu kabisa ni Paris, kandokando yake ni London, Berlin na Vienna, na chini yao ni miji ya kaskazini mwa Ufaransa, Amiens ikiwemo. Jengo hilo, kazi ya msanifu Jacques Ignace Hittorff, lilikamilika katikati ya miaka ya 1860. Reli ya Paris hadi Lille ilikuwa imefunguliwa mwaka 1846 kupitia Amiens, na kwa karibu karne moja na nusu aliyekwenda Lille alilazimika kukatiza Picardie, nchi ya mashamba mapana na nyumba za matofali mekundu.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliikuta njia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipotoka Dar es Salaam kwenda kusoma Lille. Safari ilichukua kama saa mbili. Kabla ya kupanda, ilibidi uingize tiketi kwenye mashine ya rangi ya chungwa iliyosimama penye njia ya kuelekea kwenye treni. Ilibana, ikalia taka! na tiketi ikatoka na alama ya tarehe. Aliyesahau alikutana na mkaguzi na faini.

Ndani, behewa liligawanywa vyumba vya watu wanane, wanne kwa wanne wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Humo mgeni alijifunza Kifaransa haraka kuliko darasani. Vijana waliokuwa jeshini kwa mujibu wa sheria walisinzia wakiwa wamekumbatia mabegi, na akina mama walifungua mikate na kumkaribisha kila aliyekuwemo. Longueau, stesheni ya makutano nje kidogo ya Amiens, nusu ya chumba ilishuka kubadili treni. Baada ya hapo ulijitokeza mnara wa kanisa la Albert, na kileleni mwake Bikira Maria wa rangi ya dhahabu amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Kisha Arras, kisha Douai. Mwanafunzi aliyajua majina hayo kwa mfuatano, kama vituo vya basi la kwao.

Wakati huohuo, maofisini, ramani ilikuwa inachorwa upya. Treni ya mwendo kasi, TGV, ilikuwa inakuja, na chini ya bahari lilikuwa limepangwa kuchimbwa handaki la kilomita 50 hadi Uingereza. Swali lilikuwa reli mpya ipite wapi. Amiens iliomba ipite kwake. Lille nayo iliomba, na meya wake, Pierre Mauroy, alikuwa amewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa. Mwaka 1987 serikali ikaamua: reli itakwenda Lille, na Amiens itaachwa pembeni.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1993, na handaki mwaka uliofuata. Lille ikabadilika mbele ya macho ya watu. Kando ya stesheni ya zamani, ambayo uso wake wa mawe ulikuwa wa Gare du Nord ya kwanza kabla haujabomolewa na kujengwa tena kule, ikainuka stesheni mpya ya vioo, na kuizunguka, mtaa mzima wa ofisi na maduka. Mji uliokuwa ukililia viwanda vya nguo vilivyofungwa ukawa njia panda ya Paris, London na Brussels.

Kilichoipata Amiens kinaonekana kwenye saa. Leo Paris hadi Lille, kilomita zaidi ya 200, ni kama saa moja. Paris hadi Amiens, kilomita zisizofika 150, ni saa moja na dakika kadhaa. Mji ulio karibu umekuwa mbali kuliko ulio mbali, na hili ni jambo la kuwauma wenyeji wake, maana halikuletwa na milima wala mto bali na kalamu.

Picardie ilipewa stesheni ya kuifuta machozi, TGV Haute-Picardie, iliyojengwa kati ya Amiens na Saint-Quentin. Haikuwekwa mjini. Iliwekwa mashambani, katikati ya viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari Ulaya badala ya miwa, na wenyeji wakaibandika jina la zao hilo. Hakuna reli nyingine inayofika hapo. Ukishuka, ni basi, au ndugu aje kukuchukua, au gari.

Ardhi hiyo nayo ina mambo yake. Tarehe 21 Desemba 1993, hapohapo, TGV iliacha reli ikiwa katika mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Mvua ilikuwa imefungua shimo chini ya njia, masalia ya handaki la Vita vya Kwanza vya Dunia. Treni ilibaki wima na hakufa mtu. Hata jirani na Paris, Machi 2025 bomu la Vita vya Pili lilifukuliwa kando ya reli kule Saint-Denis, na Gare du Nord nzima ikasimama kwa saa nyingi.

Kwa kuwa stesheni ya TGV iko mashambani, mwandishi, aliporudi akiwa mtu mzima, alichukua treni ya kawaida hadi Amiens na kukodi gari. Nyuma ya kaunta alikaa kijana mzaliwa wa Bukavu, ambaye alipoona pasipoti ya Tanzania aliacha Kifaransa.

“Kwetu Bukavu tunaendeshaka mukono ya kuume, muzee,” alisema huku akizuia pesa za dhamana kwenye kadi. “Nyinyi ba-Tanzania ndio munapitaka kushoto. Hapa ufanye sawa na siye.”

Akamkumbusha na lingine: vijijini, pasipo na alama, anayetokea kuliani hupewa njia, hata akitokea kwenye kichochoro kidogo. Ushauri huo una thamani kuliko bima. Katika kijiji cha kwanza tu trekta lilichomoza kulia bila kupunguza mwendo, na dereva wake alikuwa na haki.

Gari linarudisha kile ambacho mwendo kasi ulikifuta. Barabara za mashambani, ambako mwisho uliwekwa kuwa kilomita 80 kwa saa mwaka 2018, zinapita makaburi ya wanajeshi yaliyotapakaa hadi katikati ya ngano. Thiepval, mahali pasipo na stesheni, lipo tao kubwa la matofali lililobuniwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa mwaka 1932. Kwenye nguzo zake yamechongwa majina zaidi ya 72,000 ya wanajeshi wa Uingereza na Afrika Kusini ambao miili yao haikujulikana iliko. Mtu anaweza kuyagusa kwa kidole, herufi kwa herufi.

Mwandishi alikaa pale hadi jua likapinda. Katika Vita vya Kwanza vilevile, Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya wapagazi Afrika Mashariki kubeba chakula na risasi, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zilipewa sanamu za askari mwishoni mwa miaka ya 1920. Majina ya wapagazi hayakuchongwa kwenye sanamu hizo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wafu hao hawakuenziwa sawa na wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini jiwe la Thiepval linaonyesha kinachowezekana watu wakiamua.

Amiens yenyewe haijakaa kulia. Kanisa lake kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1220, bado linawavuta wageni, na nyumba ya Jules Verne ingali ipo. Huyu ndiye aliyeandika riwaya ya mwaka 1863 ambamo puto linapaa kutoka Zanzibar, kisiwa ambacho hakuwahi kukikanyaga. Aliishi Amiens tangu 1871 hadi alipofariki 1905, akawa diwani wa mji.

Sasa kuna mradi wa kipande kifupi cha reli kitakachoiunganisha Amiens na njia ya mwendo kasi kupitia uwanja wa ndege wa Roissy. Siku kitakapofunguliwa, mwanafunzi atakayetua kutoka Dar es Salaam ataweza kupanda treni palepale uwanjani na kushuka Amiens mjini, bila kuingia Paris wala kupitia kwenye viazi sukari.