Vifaa vya kupambia biskuti: tulivyovipata Morogoro chini ya Uluguru

Milima ya Uluguru ina pande mbili, na masoko ya Morogoro mjini yanalishwa na zote. Upande wa mashariki, unaotazama bahari, hupata mvua nyingi. Huko Kinole, Mkuyuni na Matombo ndiko unakotoka mdalasini, karafuu na pilipili manga. Upande wa magharibi kuna Mgeta, baridi tupu, watu wamelima karoti, kabichi na njegere kwenye miteremko ambayo ukiitazama unajiuliza mkulima anasimamaje. Tangu treni ya umeme ianze safari mwaka 2024, mzazi wa Dar es Salaam anaweza kuja Jumamosi asubuhi, akazunguka sokoni, akarudi jioni na kikapu chake.

Mimi nilikuja na wanangu wawili kutafuta vitu vya kupambia biskuti. Walikuwa wameona video za biskuti zilizochorwa maua na nyota, na orodha waliyoniandikia ilikuwa ndefu kuliko ya harusi. Nusu yake haikuwa na ulazima wowote.

Tuanze na sukari, maana ndiyo kila kitu. Mkoa huu una viwanda vikubwa vya sukari, vikiwemo Mtibwa kule Mvomero na Kilombero kule kusini, kwa hiyo usihangaike ukikosa pakiti ya sukari ya unga dukani. Chukua kikombe cha sukari ya kawaida na kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, saga kwenye blenda kavu mpaka iwe laini kama poda. Iache itulie kabla ya kufungua mfuniko, la sivyo jiko zima litakuwa jeupe. Kisha ichekeche mara mbili kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Chujio hilo nalihesabu kuwa kifaa muhimu kuliko vyote. Punje moja ikipita, itaziba tundu la mfuko katikati ya ua, na mtoto atalia.

Mapishi mengi hutaka ute wa yai bichi ili pambo likauke gumu. Kwa watoto wadogo na mama mjamzito siutumii, kwa sababu yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela. Kikombe cha sukari ya unga na vijiko vitatu vya chai vya maji ya limao vinatosha kuanzia, kisha unaongeza tone moja moja. Inua kijiko, acha mchirizi udondoke. Ukipotea ndani ya sekunde kumi hivi, uji huo ni wa kujazia. Ukikaa zaidi, ni wa kuchorea mistari.

Kuhusu mfuko wenyewe, kata karatasi ya kuokea pembetatu, uikunje kama muuza karanga anavyokunja, ujaze, ufunge juu, halafu ukate ncha kidogo sana. (Gazeti hili lisitumike. Wino wake si wa kula.) Ncha za chuma za kila umbo zinapendeza, lakini kwa anayeanza ni fedha ya bure. Njiti ya meno inatosha kusukuma uji mpaka pembeni na kupasua mapovu. Kusukuma donge tumia kile kibao na mti wa chapati. Vikatio unaweza kumwomba fundi bati, yule anayetengeneza majiko, akukunjie nyota au moyo. Mwambie akunje ukingo wa juu ili usikate vidole.

Sasa rangi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Karibu na wauza ukindu na mikeka kulikuwa na vipakiti vidogo vya rangi, nyekundu inayowaka, kijani, zambarau, bei ya kutupa. Binti yangu alishakamata viwili. Mama muuzaji, tuliyekuwa tumemwamkia tu shikamoo, akavichukua mkononi mwake taratibu. "Mjukuu wangu, hii ni ya kuchemshia ukindu. Haiingii tumboni."

Si kila muuzaji atasema. Rangi ya mikeka au ya nguo haikutengenezwa kwa ajili ya mwili, hata ukitia chembe. Nunua iliyo kwenye chupa yenye maandishi kwamba ni ya chakula, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Iliyopimwa kwenye kikaratasi bila jina, iache hapo hapo.

Au tumia vya sokoni. Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa hutoa waridi nzuri, weka maji yake badala ya sehemu ya maji ya limao. Manjano kwa ncha ya kisu tu, ukizidisha biskuti itanukia mchuzi. Rangi hizi ni hafifu na hupauka zikikaa juani, lakini biskuti za nyumbani kwetu hazijawahi kukaa hadi zipauke. Mdalasini wa Kinole uuingize kwenye donge lenyewe.

Zile shanga ngumu za fedha nazipita. Mtoto wa chini ya miaka minne anaweza kukabwa nazo.

Biskuti zipoe kabisa ndipo upambe, vinginevyo sukari itatiririka. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ni nzito na pambo linaweza kulala usiku kucha bila kukauka, kwa hiyo paka jembamba na uwashe feni. Usiweke kwenye friji, zitatoa jasho. Na sisimizi wa Morogoro wanajua sukari ilipo kabla hujaimaliza kuichekecha. Weka sinia juu ya bakuli lililofunikwa, bakuli ndani ya beseni la maji, maji yasifikie sinia.