Majuma Kumi na Mbili ya Bega Moja

Wapendwa wazazi, vijana na watoto wa Nakivale, tunawasalimu sana kutoka huku Lubaga, Kampala. Wengi mnatukumbuka, juu tulikaa pamoja nanyi kabla ya kuhamia mjini. Gazeti hili likitufikia tunalisoma mpaka karatasi inachakaa. Leo ni zamu yetu kuandika. Tunaandika wawili, mume na mke, kuhusu jambo lililoingia nyumbani kwetu mwaka 2025. Labda litasaidia familia nyingine.

Kwa wasioijua Lubaga, ni mmoja wa milima ya Kampala. Juu yake kuna kanisa kuu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1899. Sisi tunakaa chini, upande wa Natete. Kila alfajiri baba wa nyumba alikuwa ananunua mikungu ya ndizi sokoni, anaifunga nyuma ya baiskeli, anaisukuma kupanda mlima na kuigawa kwa wenye vibanda na akina mama wa hoteli. Baiskeli sisi wa Kivu tunaiita kinga, Waganda wanaiita gaali. Mama naye anatembeza vitenge. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, na tunaishukuru. Lakini sisi huku mjini hatupati mgao wa chakula. Siku usiyofanya kazi, watoto wanakuangalia machoni.

Ilikuwa mwezi wa 3, mvua zimeanza. Baba alikuwa ameshamaliza kugawa ndizi, anashuka kuelekea Wakaliga, kinga ikiwa tupu. Raba za breki zilikuwa zimekwisha. Tulijua hivyo wiki mbili nzima, lakini pesa ya raba ilikuwa inaishia kwenye chumvi na sabuni. Pikipiki ikatokea kwenye njia ya pembeni. Baba akakamata breki, gurudumu la mbele likateleza kwenye tope, naye akarushwa juu ya usukani akaangukia bega la kulia. Anasema alisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Watu wema wakaja mbio kumwinua, wakamvuta kwa mkono uleule. Hapo ndipo alipopiga kelele.

Hospitali walimpiga picha, daktari akatuonyesha. Mfupa uliovunjika ni ule unaotoka juu ya kifua kwenda begani. Kwa Kiswahili cha vitabu unaitwa mtulinga. Daktari alisema ni mfupa unaovunjika sana kwa watu wanaoanguka na baiskeli, juu mtu akiangukia bega, au akinyoosha mkono kujizuia, uzito wote unakwenda pale. Wetu ulivunjika katikati na vipande havikuachana mbali, kwa hiyo haukuhitaji kupasuliwa.

Mama akauliza, "Sasa plasta mbona hamfungi?" Kumbe mfupa ule haufungwi plasta. Dawa yake ni kuning'iniza mkono kwa kitambaa shingoni, vidonge vya maumivu, na kutulia. Majuma sita asibebe kitu, na mizigo mizito asubiri mpaka majuma kumi na mbili. Tukatazamana. Majuma kumi na mbili ni miezi mitatu ya kodi ya nyumba.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Kulala chali hakuwezi, kulala ubavu hakuwezi. Tukapanga magunia ya vitenge ukutani akawa analala ameegemea, nusu ameketi. Kuvaa shati tulijifunza: mkono mbovu unaingia kwanza, mzima unafuata, kuvua ni kinyume chake. Kitambaa cha hospitali kilipochafuka, mama alikata kitenge pembe tatu, akakifunga nyuma ya shingo, kingine kikawa kinafuliwa. Baba aliona aibu kuogeshwa. Alikuwa anangoja watoto walale ndipo akubali maji.

Daktari alikuwa amesema mkono usikae kama gogo. Vidole, kiganja na kiwiko vichezeshwe tangu siku za mwanzo, bila kuinua mkono juu. Basi mtoto mdogo akamtengenezea mpira wa soksi, na kila jioni wakawa wanahesabu pamoja akiufinya. Baada ya wiki ya pili akaruhusiwa kuinama na kuuacha mkono uning'inie, auzungushe polepole kama ndoo inayoning'inia kisimani.

Majirani walikuja na shauri lao. Mmoja alitaka kutuletea mtu wa kuunga mifupa, amkande na kumvuta. Hatusemi vibaya kazi ya wazee; hata kwetu Kivu wapo. Lakini tulikuwa tumeona ile picha, ncha mbili kali za mfupa, na tuliogopa mtu azisukume kwa vidole. Tukakataa kwa heshima. Jirani alinuna siku kadhaa, baadaye akarudi na mchicha.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike. Wiki ya tatu, mwenye nyumba alipiga hodi. Kesho yake, saa kumi na moja ya alfajiri, mtoto wetu wa kwanza aliamka, akachukua kinga, akaenda sokoni. Hatukumtuma. Lakini tulimsikia akitoka, na hatukumzuia. Mtoto huyo alikuwa P7, mwaka wa mtihani wa taifa. Siku ya kwanza tukasema ni leo tu. Ya pili tukasema mpaka kodi itimie. Zikapita siku tisa bila shule. Alikuwa anarudi jioni na pesa kidogo, anaiweka mezani bila kusema kitu, halafu analala na viatu. Tunakiri mbele yenu, tuliipokea.

Baba hakuweza kuvumilia. Wiki ya nne maumivu yalikuwa yamepungua, akajidanganya kwamba amepona. Mama akiwa kwenye vitenge, akavua kitambaa, akaenda bombani kujaza jerikani ya lita 20, aone kama anaweza kurudi kazini. Hatua chache tu, akaiangusha. Mama alimkuta ameketi kwenye maji, jasho linamtoka. Tulirudi hospitali usiku. Kwa neema mfupa haukuwa umehama, lakini daktari alitueleza vizuri: mfupa unaounga ni kama matofali yaliyojengwa jana. Kwa macho ukuta umesimama, lakini ukiuegemea unaanguka.

Usiku ule tuligombana, kisha tukaongea. Mama alisema, "Kinga itoke humu ndani. Tumkodishe kijana." Kijana wa jirani alikuwa hana kazi. Baba alikataa siku mbili. Tuwaambie ukweli, haikuwa pesa iliyomzuia. Mtaani walikuwa wanamwita Mwenye Kinga. Alikuja Kampala bila kitu, na hilo ndilo lilikuwa jina lake. Mtu mwingine akiipanda, yeye atakuwa nani? Siku ya tatu alimwita mtoto, akamwambia, "Kesho uvae uniforomu." Halafu akamkabidhi kijana kinga kwa shilingi 3,000 kwa siku, lakini kwanza akanunua raba mpya za breki.

Tulikula mara moja kwa siku majuma mengi. Mwenye nyumba tuliongea naye, akakubali kupokea kidogokidogo. Baba alibaki na mtoto mdogo, akajifunza kupika kwa mkono wa kushoto na kukunja vitenge kwa goti. Wateja wengine walikuja kununua nyumbani kwa sababu yake, juu anajua kupiga hadithi.

Wiki ya sita picha ilionyesha mfupa umeanza kushikana. Kitambaa kikatoka, mkono ukaanza kupandishwa taratibu, vidole vikitembea ukutani kama buibui. Wiki ya kumi na mbili, mwezi wa 6, alibeba jerikani ya kwanza. Lita 10, si 20! Baadaye akarudi kwenye kinga. Yule kijana tulimtafutia nyingine ya kukodi, na sasa wanakwenda sokoni pamoja.

Mwezi wa 9 mwaka huohuo, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Tulikwenda kuangalia kwenye kibanda cha video. Mtoto wetu akatuambia kwamba yule Mbelgiji aliyeshinda mbio za kushindana na saa, Remco Evenepoel, alivunjika mfupa huohuo mwezi wa 4 mwaka 2024, na mwezi wa 8 alikuwa ameshapata dhahabu mbili za Olimpiki kule Paris. Baba akajigusa bega, akacheka. Lakini tusijilinganishe. Yule alipasuliwa, ana madaktari wake, na akikaa kitandani kuna watu wanaomlipa. Mtu wa kinga ya ndizi analipwa na watu wa nyumbani kwake wanaokubali kumsubiri.

Mwezi wa 11 mtoto alifanya mtihani wake pamoja na wenzake. Tukimwona amevaa uniforomu ile, tunakumbuka siku tisa.

Kabla ya kuaga, wapendwa, mambo machache kwa atakayeanguka:

Usimvute kwa mkono. Ufunge mkono juu ya kifua kwa kitenge au shuka, umpeleke kliniki.

Mkono ukiwa baridi au umekufa ganzi, mfupa ukitaka kutoboa ngozi, au akipumua kwa shida, msingoje asubuhi.

Usikandwe wala kunyooshwa kabla ya picha.

Mtoto mdogo anapona haraka, mara nyingi wiki tatu au nne. Mtu mzima asijipime naye.

Maumivu kuisha si kupona. Hesabu majuma.

Na angalieni raba za breki leo, msingoje mvua.

Baba amebaki na kivimbe kidogo pale mfupa ulipoungana. Daktari anasema hakina shida. Mtoto mdogo anapenda kukigusa, anauliza kama ndani kuna kitu. Tunamwambia, ndiyo, hapo ndipo mfupa ulipojishika.

Mungu awalinde. Wasalimieni wote wa Base Camp, na kwaya yetu.

Ni sisi, familia yenu ya Lubaga.