Samani za Urithi: Kutoka Amu Mpaka Unguja

Safari yetu hii ya pwani ilikuwa na makusudio ambayo huenda wengine wakayaona madogo. Tulitaka kuvitazama viti, meza na makabati ya kulia chakula ambayo wazee waliotangulia mbele ya haki wametuachia majumbani, tujue ni vitu gani, vimetoka wapi, na vyatakiwa kutunzwaje. Hatukudhani kwamba jambo hilo litatufikisha hata kwenye elimu ya mirathi.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba meza ya kulia ni mgeni katika nyumba zetu. Wazee wetu walikula chini, mkekani, wamelizunguka sinia moja, na mpaka leo ziko nyumba nyingi zenye meza nzuri ambayo haiandaliwi ila siku ya mgeni. Kwa sababu hiyo samani hizi hazikuchakaa upesi. Zilihifadhiwa kwa heshima, na pengine heshima ilizidi hata zikasahauliwa katika chumba chenye unyevu.

Tulishuka kiwanjani Manda tukavuka kwa mashua hadi Lamu, ambayo wenyewe huiita Amu. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja ulitangulia mwaka 2000. Katika nyumba za mawe, zenye zidaka ukutani zilizokuwa zikipangwa sahani za kichina, kitu cha kwanza mwenye nyumba hukuonyesha ni kiti cha enzi. Hicho ni kiti cha mpingo, mgongo wake mrefu, kimepambwa kwa vipande vya pembe ya ndovu au vya mfupa, na mahali pa kukalia na kuegemea pamesukwa kwa uzi. Asili ya umbo lake wataalamu hawajaafikiana: wako wanaoitazama Misri ya zamani, na wako wanaoitazama Ureno. Sisi tuliridhika kwamba kilikuwa kiti cha mgeni mtukufu, wala mtoto hakukikalia.

Lakini mafundi wa Lamu wangali wakivitengeneza viti vya namna hii, basi mtu atakijuaje cha zamani? Kipindue. Mpingo wa kweli ni mzito sana na weusi wake umeingia ndani, ambapo mti uliopakwa rangi huonekana mweupe chini, pale ambapo brashi haikufika. Mikono ya kiti cha kale imelainika na kuliwa kidogo mahali ambapo viganja hushika. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi kama ncha za sindano. Pembe ya ndovu haina, na ikikatwa mapana huonyesha mistari myembamba inayokatana. Usitie shaka kwa kuona uzi mpya, maana uzi hubadilishwa kila unapooza.

Katika nyumba moja tulikuta wachuuzi wamekwisha kutangulia. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, pamoja na jozi ya viti hivyo na meza ya msaji. Mwana mkubwa alikuwa amekubali bei, na mchuuzi alikuwa ameahidi kurudi na wapagazi. Binti, aliyeolewa Mombasa, hakuulizwa. Mama yao alituambia kwa sauti ndogo, "Wanangu, vitu hivi si vyangu peke yangu, wala si vyake peke yake."

Mama huyo alisema haki. Mtu akifa, baada ya maziko, madeni na wasia usiozidi theluthi, kila kilichobaki ni cha warithi wote, hata kijiko. Kiti hakikatwi vipande vinane, ni kweli, lakini thamani yake hukatwa. Tuseme vitu vyote vimethaminiwa shilingi 240,000: mjane ana thumni, nayo ni 30,000, katika 210,000 zilizosalia kila mwana wa kiume apata 84,000 na binti 42,000. Anayetaka kubaki na viti na awalipe wenziwe mafungu yao, au wote waridhike kuviacha nyumbani. Kuviuza kabla ya hapo bila ya ridhaa yao ni kuuza mali ya mtu mwingine, ijapokuwa muuzaji ni kaka mkubwa. Tuliyasema haya pale pale, na mwana mkubwa aliinama asijibu. Mchuuzi hatukumwona.

Tena iko sheria ya serikali. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 yakataza kuvitoa nje bila ya kibali vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Na kitu chenye pembe ya ndovu kina uzito wake peke yake, kwa kuwa mataifa yaliafikiana mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara yake baina ya nchi na nchi.

Unguja mambo ni mengine. Pamoja na makabati ya mafundi wa Kihindi, twaviona sana viti vyepesi vya mti uliopindwa, vyenye kalio la duara lililosukwa kwa henzerani. Watu wengi huviona si kitu, huvitupa uani. Hivi ni vya aina aliyoibuni Michael Thonet wa Vienna, aliyegundua namna ya kuupinda mti wa Ulaya kwa mvuke. Kiti chake nambari 14 kilitolewa mwaka 1859: vipande sita vya mti, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja kila upande. Kiti cha namna hiyo kilikuwa mzigo mzuri kwa meli. Mwaka 1869 haki yake ya peke yake ilikwisha, na wengine wakaviiga, miongoni mwao J. & J. Kohn. Kwa hiyo tazama upande wa ndani wa duara la kalio: huenda ukakuta karatasi au jina lililochomwa kwa moto. Usiikwangue karatasi hiyo.

Meza nayo huulizwa kwa kuvuta mtoto wake. Meno ya pembeni yakiwa hayalingani, yalikatwa kwa mkono. Yakilingana yote, ni kazi ya mashine. Skrubu yenye msalaba kichwani haikuenea kabla ya miaka ya 1930, kwa hiyo ama meza si ya kale sana ama imetengenezwa tena.

Ama utunzaji, adui ni maji, mchwa na mkono wenye haraka. Miguu isigusane na sakafu yenye unyevu. Ukiona unga mpya chini ya kiti, bungua wangali hai ndani, basi kitenge na vingine upesi. Futa kwa kitambaa laini kikavu, na mara chache paka nta ya nyuki kidogo. Msasa na vanishi mpya vyaharibu zaidi kuliko miaka mia. Kiungo kilicholegea kisipigwe msumari. Gundi ya zamani ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, huyeyuka kwa maji ya moto, na fundi mwenye subira huifungua na kuitia upya. Ndimu na majivu, ambavyo mama zetu husugulia shaba, visikaribie misumari ya shaba iliyo katika mti.

Na henzerani iliyolegea isikatwe bado. Pindua kiti, lowesha sehemu ya chini kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha kiache kivulini, pasipo jua, usiku kucha bila ya kukaliwa. Ikiwa haijakatika, itajikaza yenyewe.