Sahihi Yangu Katika Daftari la Matandiko

Mwanafunzi mpendwa, bila shaka umekwisha kukutana na nahau hii katika somo la uraia au katika taarifa ya habari: kushika hatamu. Rais mpya ameshika hatamu za uongozi. Kamati mpya imeshika hatamu za chama cha ushirika. Katika Tanzania ya chama kimoja, kauli ya chama kushika hatamu ilisikika redioni na mikutanoni. Nami niliifundisha nahau hiyo hapa Uganda kwa miaka sita. Nilikuwa nikiandika ubaoni maana yake, "kuchukua madaraka", kisha nikasonga mbele kwenye nahau iliyofuata. Hatamu yenyewe sikuwa nimeigusa hata siku moja, na farasi nilikuwa nimewaona pichani tu.

Niliigusa mwaka 2020. Serikali ilifunga shule mwezi Machi, na shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Shule ya binafsi iliyoniajiri ilitulipa mshahara wa Machi, ikanyamaza. Kufikia Julai nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Ndipo jirani aliponieleza kwamba ng'ambo ya Mto Nile, karibu na Jinja, palikuwa na zizi la farasi waliokuwa wakipandwa na watalii. Watalii walikuwa wamekatika na vijana wa kazi walikuwa wamerudi makwao, lakini farasi kumi na mmoja walikuwa wangali wanakula kila siku. Nilipanda baiskeli, nikaenda kuomba kazi.

Aliyenipokea alikuwa saisi. Lihifadhi neno hilo: saisi ni mtunza farasi. Alikuwa mzee Mkenya ambaye ujanani alitunza farasi wa mashindano jijini Nairobi. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mzee," alicheka, akaitikia "Marahaba, Mwalimu," kabla hata sijamaliza kujieleza. Nadhani viatu vyangu ndivyo vilivyonisaliti. Siku hiyo hiyo alinikabidhi chumba cha matandiko.

Matandiko ni vyombo vyote anavyovishwa farasi ili apandwe. Tandiko lenyewe hukaa mgongoni na kufungwa kwa mkanda unaopita chini ya tumbo. Kila upande huning'inia kikuku, yaani chuma cha kukanyagia, kwa mkanda wake wenye bizimu. Kichwani huvishwa kamba za ngozi zinazoshikilia lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kutoka kwenye lijamu ndiko zinakotoka hatamu kuelekea mikononi mwa mpandaji. Hatamu na lijamu ni maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, na yamekaa katika lugha yetu hata miongoni mwa watu wasiofuga farasi.

Nilistaajabu kuona jinsi hatamu ilivyo nyembamba. Nilikuwa nimedhani ni kitu cha nguvu, kinacholingana na uzito wa mnyama. Kumbe ni ukanda wa upana wa kidole gumba. Mzee alinionya nisiikaze kamwe, kwani upande wa pili pana ulimi.

Kazi ilikuwa hivi. Farasi akivuliwa tu, lijamu linaoshwa kwa maji safi kabla mate na majani hayajakauka, maana uchafu ukigandamana humchubua mdomo kesho yake. Bizimu zote zinafunguliwa. Asiyezifungua husafisha kile kinachoonekana na kuacha jasho likiila ngozi palepale ilipokunjwa. Jasho linafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha sabuni ya ngozi inapakwa kwa sponji iliyokamuliwa sana. Povu likijaa, ujue maji yamezidi. Kukausha ni kivulini, si juani wala karibu na moto, kwa sababu ngozi iliyokaushwa kwa pupa hukakamaa na kupasuka. Katika unyevu wa kando ya Nile, tandiko likisahauliwa wiki moja tu lilifanya koga ya kijivu. Tuliifuta kwa siki iliyochanganywa na maji, tukalianika penye upepo. Kamba za kichwani tulizitundika kwenye makopo matupu ya maziwa yaliyogongomewa ukutani, ili ngozi ikae katika duara badala ya kujikunja kwenye msumari.

Mwishoni huja mafuta, na hapo ndipo nilipokosea. Ngozi kavu huyanywa mafuta mbele ya macho yako, nawe hujiona kama unayemnywesha mtu mwenye kiu. Mzee alisema kila mara: kidogo, Mwalimu, na upande wa ndani zaidi kuliko wa nje. Mafuta yakizidi hulegeza ngozi na kuozesha nyuzi za mshono. Mimi nilimimina. Nilipenda kuona mikanda iking'aa, nami kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nilikuwa na kitu cha kuonyesha jioni.

Palikuwa na daftari pia. Kila Ijumaa tulitakiwa kuikagua mishono yote: kuvuta kila mkanda, kuukunja ili kutazama kama una nyufa, kupitisha ukucha juu ya nyuzi zilizo karibu na bizimu. Mikanda ya vikuku ilibadilishwa pande, wa kushoto ukapelekwa kulia, kwa kuwa mpandaji hupandia kushoto na mkanda wa upande huo hurefuka upesi. Aliyekagua aliandika tarehe na kutia sahihi. Kwa miezi miwili nilikagua kwa uaminifu. Baadaye, kwa kuwa sikuwahi kukuta kasoro, nilianza kutia sahihi kwanza na kukagua baadaye, na baadaye ikawa kesho.

Tafakari neno hilo, mwanafunzi. Kwa Kiswahili sahihi ni alama ya jina lako, na sahihi ni jambo lililo kweli, lisilo na kosa. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi maana zote mbili kama mfano wa neno lenye maana zaidi ya moja. Sikuwa nimejiuliza kwa nini zinakaa katika neno moja.

Asubuhi moja ya Novemba Mzee aliweka mguu kwenye kikuku cha kushoto ili amtembeze farasi jike mwekundu. Mshono wa mkanda uliachia alipokuwa ameinuka. Alianguka kinyumenyume juu ya mkono wake, nikasikia mfupa. Farasi hakukimbia, alisogea hatua mbili, akaanza kula majani.

Jioni, mwenye zizi alilifungua daftari. Ijumaa iliyotangulia ilikuwa na sahihi yangu, nzuri, yenye mkia, ile ile niliyokuwa nikiitia kwenye rejista ya shule hata kwa vipindi nilivyokuwa sijaingia darasani. Akauliza ni ya nani. Mzee, mkono umefungwa shingoni, akajibu, "Ya Mwalimu. Muulize mwenyewe kama alikagua."

Ningeweza kusema ndiyo. Ngozi hukatika hata ikikaguliwa, na hakuna aliyekuwa chumbani pamoja nami. Nilihesabu kodi ya nyumba, nikamtazama Mzee, naye alikuwa akitazama sakafu, kana kwamba hakutaka uso wake unisaidie kwa upande wowote. Nikasema sikukagua.

Mshahara wa mwezi huo ulikwenda hospitali wote, na sikuona dhuluma hapo. Kazi sikufukuzwa. Kwa wiki sita Mzee aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinielekeza jinsi ya kushona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta, kila sindano ikipita katika tundu lile lile kutoka upande wake, ili uzi mmoja ukikatika mwingine ushike. Mshono wangu wa kwanza aliufumua wote bila neno. Wa pili pia.

Kipande cha mkanda ule ninacho katika mtoto wa meza yangu darasani. Tunapofika kwenye nahau ya kushika hatamu hukitoa na kukizungusha darasani, kwanza bila maelezo, nawauliza wanafunzi kama wangekubali kukipandia farasi. Kinang'aa bado, na wengi hukubali. Muhula uliopita msichana mmoja wa safu ya nyuma alikikunja, akakigeuza upande wa ndani, akapitisha ukucha juu ya mshono. Kisha akauliza nani alikikagua.