"Kidogo tu"

Mwaka jana niliitwa kwenye mahojiano hapa hapa Bujumbura. Walitafuta mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza kwa ajili ya wakimbizi wenzetu wa Kongo. Mimi kule Uvira nilifundisha Kiingereza miaka sita, basi nikaona kazi ni yangu. Yule mama mgeni akanisikiliza dakika chache, akatabasamu: "Your English is very good!"

Nikainamisha kichwa. "Oh no, only a little."

Nikaona kalamu yake inaandika. Kazi akapewa mtu mwingine, na ninamjua: kwake jana na kesho ni wakati mmoja. Ila yeye aliposifiwa alijibu "Thank you", akanyamaza.

Nilirudi Buyenzi kwa miguu nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Kwetu mtu mzima akisifiwa anakataa kwanza. Ukisifu kitenge changu, nitakwambia ni cha siku nyingi. Ukisifu sombe yangu: "Wapi! Leo chumvi imezidi." Na wewe unajua kwamba mimi najua ni tamu. Ukisifu tena, hapo nacheka na kukuongezea. (Mtoto ndiyo usiseme. Hapa mtaani ukimsifu mtoto mchanga bila kusema mashallah, bibi yake anakutazama vibaya.) Tatizo la yule mama ni kwamba hakusifu mara ya pili.

Jirani yetu mmoja, kijana, anasoma Kichina kwenye Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Burundi. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema Wachina nao, hasa wazee, wakisifiwa wanajibu "nali, nali". Maana yake neno kwa neno: wapi, wapi. Nikamwambia arudie. Wapi, wapi! Kumbe tuko wengi.

Lakini akaniambia na lingine. Mtafiti Rong Chen aliwauliza wanafunzi wa mji wa Xi'an wangejibuje wakisifiwa, akachapisha majibu 1993: karibu wote walikataa sifa. Uchunguzi ukarudiwa mji uleule, ukatoka 2010, na safari hii wengi walipokea. Siku hizi vijana wanasema "xiexie", yaani aksanti, basi. Mambo ya wageni yameingia na majibu yamegeuka.

Nimefikiri sana juu ya ile "Thank you". Zamani niliiona ni maringo. Sasa naona kwa Mwingereza sifa ni kama zawadi: ukiikataa, unamwambia aliyeitoa kwamba amekosea, au amedanganya. Kwa hiyo yule mama alinisadiki mimi kuliko masikio yake mwenyewe. Ilikuwa heshima ya aina yake, ila imeninyima mshahara.

Ninyi mnaotuhoji, mkisikia "kidogo tu", msiandike bado. Tupeni karatasi tutafsiri mbele yenu. Na ninyi wenzangu wa Kavumu na Bwagiriza mnaongoja kuitwa, jibuni "Thank you" hata kama moyo unakataa. Sombe mtaikana nyumbani.

Mimi nafanya mazoezi jioni na binti yangu wa miaka tisa. Juzi alinisifia chakula kwa Kiingereza. Nikajikaza, nikamwangalia machoni, nikasema "Thank you."

Akaacha kula. "Mama, sasa unaringa?"