Maharagwe manne yaliyomwondolea mama lawama

Kama umewahi kumsindikiza mtoto akienda chuo kikuu, bila shaka unaukumbuka wasia uliompa. Mimi nilipewa wangu na baba, mzee wa kanisa, tukingoja basi mwaka wa 1994. "Mwanangu," akaniambia, "soma hiyo biolojia yako, lakini usiniletee hapa habari za binadamu na nyani." Alikuwa amenichagulia chuo cha kanisa makusudi, akiamini kwamba huko imani yangu ingekaa salama kama yai chini ya kuku.

Kwetu ni karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 1988 tulimzika ndugu yangu mdogo akiwa na umri wa miaka sita. Tangu utotoni alikuwa akilia maumivu ya viungo, mikono na miguu ikimvimba, macho yakigeuka manjano. Hospitalini walisema ni selimundu, ugonjwa wa damu. Nyumbani wakasema mengine. Jamaa za baba walidai mama alikuja na laana kutoka kwao, na hata katika maombi walikuwepo waliomtaka atubu dhambi asiyoijua. Mama hakumjibu mtu. Aliacha tu kuhudhuria mikutano ya akina mama.

Basi nikafika chuoni. Mhadhiri wetu alikuwa akifungua kila kipindi kwa sala. Somo la urithi alilianza na Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya watawa wenzake mjini Brno, akachapisha matokeo yake mwaka wa 1866. Kisha akachora ubaoni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya hemoglobini, na humrithisha mtoto moja. Mwenye nakala moja tu ya selimundu kwa kawaida huwa mzima, na pengine hajui kuwa anayo. Lakini wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa.

Msomaji, kalamu ilinianguka. Wawili! Kumbe haikuwa damu ya mama peke yake.

Wiki chache baadaye likaja lile somo nililoonywa, la mageuko. Nilikuwa nimejiandaa kuziba masikio. Lakini mhadhiri hakuanza na nyani. Alituuliza: ikiwa jeni hii huua watoto, mbona haijatoweka? Jibu lake lilikuwa limepatikana papa hapa Afrika Mashariki. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu mwaka wa 1949 akaona jeni hiyo ni nyingi Pwani na kandokando ya ziwa, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Penye malaria nyingi ndipo ilipojaa. Mwaka wa 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria. Watu wa namna hiyo waliponea, wakazaa, wakairithisha. Ndiposa jeni ikadumu. Huo ndio uteuzi wa kimaumbile ambao Darwin aliueleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1859.

Usiku ule sikupata usingizi. Ningewezaje kukubali nusu ya somo na kuitupa nusu? Kile nilichofunzwa kukiogopa ndicho kilichoniambia kwamba damu iliyomuua ndugu yangu iliwahi kuwaokoa babu zetu. Nilipiga magoti, nikashukuru. Sikudanganyi kwamba maswali yangu yote yaliisha. Mwenzangu mmoja aliacha kwenda ibadani. Wengine walikariri ya mtihani, wakayasahau. Mimi niliendelea kusali na kuuliza.

Likizo ya Desemba nilimkuta mama jikoni akichagua maharagwe. Nikamwomba manne: mawili meupe, mawili mekundu. Nikamwita baba. "Baba, wewe una moja jeupe na moja jekundu. Mama vilevile. Mtoto huchukua moja kwako na moja kwa mama." Tukayapanga kwa njia zote nne. Njia moja ikatoa mekundu matupu. "Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu," nikasema. "Nusu ilitoka kwako, baba, na hakuna aliyekosa."

Mama akaacha kuchagua. "Hebu rudia hapo," akasema. Nikarudia.

Baba alinyamaza, akatoka kwenda kufunga ng'ombe. Nilidhani nimemkosea. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akawaita ndugu zake wote sebuleni. Akatoa mfukoni maharagwe manne, akayaweka mezani. "Mwanangu, waonyeshe," akasema. Mama alikuwa ameketi kando yake.

Nawe mzazi unayeogopa kwamba masomo yatampotosha mwanao, kuuliza si ujinga. Mwache aulize, na akirudi likizo msikilize. Nanyi vijana mnaopanga harusi, hasa mnaotoka Nyanza, Magharibi au Pwani, nendeni hospitali mkapimwe damu mjue mnabeba nini. Na mtoto akizaliwa na ugonjwa huu, mpelekeni kliniki mapema, kwa kuwa siku hizi dawa za kumsaidia zipo. Msimtafute wa kulaumiwa.